Mkaratusi Haulishi Kiwavi

Siku ya kuniaga kazini, wenzangu wa maabara, mlinipa redio na vitenge viwili, mkaniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yangu, "kitu cha kutuliza moyo," kama alivyosema katibu. Redio inafanya kazi, asanteni. Habari ya moyo kutulia, mtanisamehe. Nimekaa hapa mtaani Kamalondo mbele ya nyumba aliyoniachia baba, cherehani ya jirani inalia tangu asubuhi, na kila nikianza kuandika jambo tamu kalamu yenyewe inakataa. Basi nitaandika mambo kama yalivyofuatana. Penye hasira nitaiacha ikae.

Ninatumia Kiswahili cha vitabu, kile masista walichotufundisha kwa fimbo. Lakini watu nitakaowataja watasema kama tunavyosema Lubumbashi. Sitaki kuwavalisha nguo ambazo hawakuwa nazo.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimevaa viatu vya kisigino. Nilidhani maabara ni koti jeupe na hadubini. Aliyenipokea ni Papa Célestin, fundi mkuu wa chumba cha viwavi, Mkasai mfupi aliyefunga tai hata siku za matope. Aliangalia viatu vyangu kwanza, uso baadaye, kisha akanipa panga, ndoo na gunia.

"Mama, hapa weye uko mupishi," akasema. "Tuko na bageni mingi mu ile chumba, na kila mugeni anakula kintu yake moja. Ukimuletea ingine, anakufa. Haiko maringo. Njo vile Mungu alimufanya."

Hakuna mtu wa mji huu asiyejua viwavi wa kukaanga. Tunawanunua wakavu sokoni, tunawachemsha, tunawatia nyanya na vitunguu, na mgeni akikunja uso tunamcheka. Lakini ni wachache wanaouliza kiwavi mwenyewe alikula nini kabla hajafika kwenye sahani. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa swali hilo moja: kiwavi gani, mti gani. Si zaidi. Wengine walipanda vyeo kwa maswali makubwa kuliko hilo, sitawataja.

Juma la tatu nilifanya kosa langu la kwanza. Tulikuwa tunafuga mumpa, wale viwavi wakubwa wenye miiba wanaopendwa kuliko wote, na mumpa wetu walikula majani ya mutondo. Mutondo wa karibu ulikuwa mbali, ng'ambo ya mto Naviundu, na mvua ilikuwa inanyesha kana kwamba imeamriwa. Uani kwetu kulikuwa na mparachichi wenye majani mazito ya kijani. Nikajisemea, jani ni jani. Nikakata matawi, nikawapa, nikaenda zangu nyumbani na miguu mikavu.

Kesho yake viwavi walikuwa wanazunguka. Wanapanda tawi, wanagusa jani kwa kichwa, wanashuka, wanapanda tena. Siku ya tatu walikuwa wamelala chini ya kizimba, wamenyong'onyea kama mifuko iliyomwagwa. Papa Célestin hakupiga kelele. Alinipa daftari la chumba akaniambia niandike sababu ya kifo.

"Niandike nini, Papa?"

"Andika: balikufa na njaa, chakula mbele yao."

"Lakini balikataa kula."

"Habakukataa," akasema, akinyoosha tai yake. "Weye njo ulikataa kutembea."

Niliandika. Maneno yale bado yako kwenye daftari la kwanza, kwa mwandiko wangu wa msichana. Mnaweza kwenda kuyasoma kama panya hawajatangulia.

Papa Célestin alinifundisha vitu vidogo ambavyo havimo katika kitabu chochote. Tawi hutiwa ndani ya chupa ya maji, na mdomo wa chupa huzibwa kwa pamba, la sivyo kiwavi atashuka kunywa na kufa maji. Usimng'oe kiwavi kwenye jani kuukuu. Weka tawi jipya kando ya lile la zamani, naye atahama mwenyewe. Akitulia na kuinua kichwa bila kusogea, usimguse, anataka kuvua ngozi. Fagia mavi yake kila asubuhi, lakini usiyatupe kabla ya kuyaangalia, kwa maana mavi ndiyo yanayosema kama amekula kweli. Na majani ya kukausha, yale ya kuhifadhi kama ushahidi, yabadilishiwe magazeti kila siku wakati wa mvua, au yataota ukungu na ushahidi wako utakuwa supu.

Lakini sheria kubwa ilikuwa moja: kukaa juu ya jani si kula jani. Hukuruhusiwa kuandika jina la mti karibu na jina la kiwavi mpaka umemwona akila, akinya, akivua ngozi, na akila tena. Nimeona wataalamu waliosoma ng'ambo wakipiga picha ya kiwavi anayepumzika kwenye jani la mpera na kutangaza kwamba viwavi hao hula mipera. Mtu akiegemea ukuta, je, anakula matofali?

Baada ya miaka michache Papa Célestin alinipeleka Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Tulipanda lori la chumvi, tukashuka weupe kama samaki wa kukauka. Huko alinikabidhi kwa Mama Chanda, mwanamke aliyenizidi miaka kumi hivi, mrefu, mkavu, aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa kijiji kimoja cha karibu wakati wa kuokota viwavi. Hakujua kusoma. Papa Célestin alivua kofia mbele yake, jambo ambalo sikumwona akilifanya mbele ya mkurugenzi.

Mama Chanda alinipeleka porini asubuhi, akanisimamisha katikati ya miti, akasema, "Nyamaza. Sikiliza."

Nilisikia kama mvua nyembamba inaanguka juu ya majani makavu. Mbingu ilikuwa safi.

"Ile iko mavi yabo," akasema. "Beko juu, banakula. Kama inaanguka nyembamba, bangali batoto, tunabaacha. Kama inaanguka nzito, tunakamata. Hatuangalie juu, shingo itakuuma bure. Tunaangalia chini."

Akainama, akaokota punje moja nyeusi yenye mistari, akaiviringisha kwenye vidole, akanitajia kiwavi na mti. Nilipanda mti kuhakikisha. Hakukosea. Kwa misimu iliyofuata nilikaa naye, nikawaandika karibu viwavi wote ninaowajua leo. Orodha mnayoiita "ya Mama Régine" robo tatu yake imetoka mdomoni mwake. Aliniita mutoto wangu, akanipa ugali mahali pa kwanza kwenye mkeka, na alipomwona mtu wangu wa ofisini akikata mti mzima ili kupata viwavi wa juu, alimnyang'anya shoka akamuuliza, "Na mwaka ijayo utakula nini? Shoka?"

Halafu makala yakaja, ndivyo tunavyoyaita hapa makaa ya kupikia. Sitawalaumu wachomaji tu. Mji huu wote unapika kwa makala, na mimi pia. Mwaka hadi mwaka tanuri zilisogea kufuata barabara. Malori mengine yalibeba magogo mekundu kwenda mpakani, na waliokuwa ndani ya malori hayo hawakuwa watu wa kijiji. Miti ya karibu na kina Mama Chanda ikaisha. Wanawake wakawa wanatembea siku nzima kufika penye viwavi, na wengine wakaacha. Watoto wao wakaanza kunyweshwa uji mtupu majira ambayo zamani yalikuwa majira ya kunenepa.

Lakini sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha hasira yangu. Mutondo ukikatwa haufi. Mama Chanda alinionyesha. Vile visiki vilivyoonekana kama makaburi vilikuwa vimetoa machipukizi pande zote, yanafika kiunoni, majani yake mekundu ya upya yanang'aa.

"Muti haiyakufa," akasema. "Baiache tu. Moto isipite, mbuzi isiingie, baiache. Mumpa batarudia."

Nilipima machipukizi, nikaandika, nikarudi mjini na furaha. Papa Célestin alikuwa amekwisha kufariki. Sikuwa na wa kumwambia.

Ndipo ukaja mradi. Sitautaja jina, maana miradi ya namna hiyo ina majina mengi na tabia moja. Ulitaka kurudisha msitu wa viwavi kwa ajili ya akina mama wa Kasomeno. Mkuu wake alikuwa Ingénieur Didier, kijana wa hapa hapa, mwenye adabu, shati limepigwa pasi. Alikuja maabara akaniomba orodha yangu ya miti. Sikuhitaji kukesha nayo, nilimpa asubuhi ile ile, kurasa nne, na ukurasa wa tano kuhusu visiki. Nilimwambia hahitaji kupanda kitu. Alinde tu.

Baada ya mwezi nikaona mpango. Mikaratusi. Ekari kwa ekari, mikaratusi kwa mistari.

Nilimfuata ofisini kwake. "Ingénieur, hakuna mumpa anayekula mkaratusi."

"Mama technicienne," akasema kwa upole, "mutondo inakawia. Bafadhili banataka kuona miti mbele mradi haiyakwisha. Eucalyptus inapanda mbio. Na chenille iko chenille, kiwavi tu, itazoea."

"Itakufa."

"Mama, tusianze na roho mbaya."

"Na visiki?"

Hapo aliangalia karatasi zake. "Shamba inapashwa kuwa safi. Tutang'oa."

Nilienda kwa mkurugenzi wetu wa wakati ule. Mradi ulikuwa umetuletea gari na friji, na ripoti ya kitaalamu ilihitaji sahihi ya mtu anayejua viwavi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mkurugenzi aliniambia kwamba kama sitasaini, gari litarudi, vijana wa maabara hawatakwenda tena porini, na mimi ndiye nitakayewaeleza kwa nini. "Iko signature tu, Régine," akasema. "Unafahamu namna bintu inaenda."

Nilisaini.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nililazimishwa, na nusu yenu mngeniamini. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichukua kalamu yangu mwenyewe, nikakokota sahihi chini ya maneno "mti unaofaa," nikarudi chumbani kwangu nikawabadilishia viwavi majani. Wale viwavi niliwapa mutondo, bila shaka. Nilijua vizuri sana mti unaofaa.

Sikwenda Kasomeno wakati visiki vinang'olewa. Nilijitafutia kazi hapa mjini. Wanawake waliambiwa kwamba wataalamu wa Lubumbashi wamekubali, na wao wakaamini, kwa sababu mtaalamu waliyemjua alikuwa mimi. Mama Chanda mwenyewe aliwatuliza vijana waliotaka kuzuia trekta. Hilo nililijua baadaye.

Mikaratusi ilipanda kweli. Mwaka wa pili ilikuwa imepita urefu wa nyumba. Ingénieur Didier akaandaa sherehe ya kukabidhi msitu kwa kijiji: turubai, viti vya plastiki, wakubwa kutoka mjini, wapiga picha. Na maabara ikaamriwa kuleta viwavi. Niliwalea mwenyewe, mumpa wa umri wa kula sana, nikawapakia kwenye vikapu juu ya matawi ya mutondo, nikafika nao asubuhi.

Hotuba zilikuwa ndefu. Kisha wakubwa wakaalikwa kuwaweka viwavi kwenye miti kwa mikono yao. Walifanya hivyo wakicheka na kuogopa miiba, kamera zinalia. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama upande mmoja, wamevaa vitenge walivyopewa. Hawakucheka.

Viwavi walifanya kile nilichokiona nikiwa na miaka ishirini na miwili. Walipanda, wakagusa jani kwa kichwa, wakashuka. Mmoja akaanguka. Wengine wakaanza kuteremka kwenye magome laini wakiteleza, wakafika chini kwenye udongo mtupu uliofagiliwa kwa ajili ya wageni, wakatambaa juani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Siafu wakawaona kabla ya wapiga picha. Mkubwa mmoja akauliza kama ndivyo wanavyokula. Ingénieur Didier akasema wamechoka na safari.

Mama Chanda alitoka kwenye kundi la wanawake. Aliokota kiwavi mmoja, akamtia kiganjani, akaja mpaka mbele yangu, mahali nilipokaa kwenye kiti cha plastiki chenye jina langu.

"Mama Régine," akasema, na watu wote walisikia kwa sababu muziki ulikuwa umesimama. "Weye ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Ningeweza kumwangalia Didier ili ajibu. Kulikuwa na nafasi ya uongo, pana kama mlango wa kanisa.

"Nilijua," nikasema.

"Tena ulitia signature?"

"Nilitia."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alimweka yule kiwavi mapajani mwangu, taratibu, akarudi kwa wenzake. Walivua vile vitenge vya mradi, chini walikuwa na vyao, wakavikunja vizuri, wakavipanga juu ya meza ya wakubwa, wakaondoka.

Mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga hotuba, nayo haikuwa nzuri. Nilichanganya Kifaransa na Kiswahili, nikasema kwamba mti huu haulishi kiumbe chochote kinacholiwa hapa, kwamba msitu wa kweli ulikuwa chini ya ardhi na umeng'olewa, na kwamba karatasi inayosema vingine ina sahihi yangu na ni ya uongo. Mtu alizima kipaza sauti nikiwa bado ninasema. Nikaendelea bila kipaza sauti.

Nilipewa barua ya karipio. Niliondolewa porini, nikawekwa miaka mitatu kuhesabu chupa za stoo. Ripoti ya mwisho ya mradi ilisema umefanikiwa. Nimeisoma, ina picha yangu nikishika kikapu. Mkurugenzi alihama. Ingénieur Didier sasa anaongoza mradi mwingine, mkubwa zaidi, na nasikia bado ana adabu. Mikaratusi imekatwa mara moja kuwa nguzo, nayo yenyewe, mjue, inachipuka vizuri sana kwenye visiki vyake.

Niliporudishwa kwenye kazi ya viwavi nilianza tena kwenda Kasomeno, kwa gharama yangu, siku za mapumziko. Kulikuwa na kipande kidogo ambacho trekta halikugusa, kando ya makaburi ya kijiji, kwa sababu dereva aliogopa. Wanawake walikuwa wanakilinda. Walifyeka ukanda wa kuzuia moto, wakaweka zamu ya kufukuza mbuzi. Nilichukua jembe nikajiunga nao. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyenikaribisha. Mama Chanda alinisalimia kila mara: "Jambo, madame." Alikuwa hajawahi kuniita madame maisha yake yote.

Msimu wa tatu wa kulinda, mavi yakaanguka. Machache. Walikuwa mumpa wa kujaza sahani mbili, na wanawake waliwaacha wote wawe vipepeo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimkuta Mama Chanda amekaa mlangoni kwake, goti linamuuma, miwani ya mjukuu imemkaa vibaya. Nilimwambia kwamba nastaafu, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha kabla sijaacha kazi.

"Ile uliomba mbele," akasema. "Mara mingi. Inanisaidia nini?"

Akavua ile miwani, akaipangusa kwa kitenge.

"Ile karatasi ya signature yako, iko wapi?"

"Iko ku bureau. Na ku wilaya. Na kwa bafadhili."

"Ingali inasema ile muti ni muzuri?"

"Ingali inasema."

"Sasa," akasema Mama Chanda, "mutu mungine akikuja na ile karatasi, na weye hauko tena ku kazi, nani atamuambia?"

Sikuwa nimelifikiria. Niwaambieni ukweli, vijana: miaka yote ile nilikuwa nimejishughulisha na aibu yangu, na karatasi yenyewe ilikuwa bado imekaa kwenye makabati matatu, inafanya kazi kila siku. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule la mjukuu wake na kalamu ya bluu, akavipiga juu ya magoti yangu.

Niliandika pale pale. Kwamba mimi, fundi wa viwavi, nilitia sahihi uongo nikijua ni uongo. Kwamba viwavi wa Kasomeno hula miti hii na hii, nikaitaja yote. Kwamba visiki vya mutondo ni msitu, na anayeving'oa anaharibu msitu. Kila sentensi alinifanya niisome kwa sauti. Mbili alizikataa kwa sababu zilikuwa na maneno ya kujionea huruma, nikazifuta. Niliandika nakala nne, tatu za makabati na moja ya kwake, mpaka kidole kikavimba. Tatu nilizipeleka mwenyewe, nikasimama mpaka zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna aliyejibu mpaka leo.

Nakala ya nne alikaa nayo muda mrefu, ameishika karibu na macho, ingawa hakuweza kuisoma. Kisha akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, pale nilipokokota sahihi yangu ya ofisini.

"Hii inasema nini?"

"Iko signature yangu, Mama."

"Mi sione jina," akasema. "Andika jina."

Nikachukua kalamu nikaandika chini yake, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, jina la baba yangu na jina langu la ubatizo, ili mtu yeyote aweze kulisoma.